Kijiji Kilituficha Telefone

Ninyi motard wote wa parking, mutulie kwanza. Tangu nimerudi, kila mutu ananishika shati anauliza: "Amisi, ni kweli ulifungwa ku Kabambare?" Mwingine anasema nilioa ku Wamaza. Mwingine ameisha kunizika, na alikuwa anaulizia moto yangu, ile pikipiki ya kazi, itabaki kwa nani. Sikufungwa, sikuoa, sikufa. Nimechoka tu. Nimechoka mugongo, nimechoka matako, na nimechoka kueleza hii habari kwa mumoja mumoja kwenye jua. Sasa nimeiandika yote ndani ya telefone, muisome ao musomewe, kisha muniache. Mimi nilisoma mpaka sita primere. Makosa ya kuandika mutayakuta, muyaruke sawa mashimo ya barabara.

Kasongo mpaka mutoni

Mulimuona wenyewe ile asubuhi: binti mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa, mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe, wakati wa mvua! Nikasema ndani ya roho, huyu haijui njia yetu. Jina yake Esperanse, anasoma universite ku Bukavu, na kazi yake ilikuwa ya ajabu: alitaka kujua namna watu wa vijiji wanatumia internet. Si kuwaletea internet. Kujua tu.

"Ukiisha kujua, utafanya nini?" nilimuuliza.

"Nitaandika kitabu cha kumaliza masomo."

"Watu watakisoma?"

"Prof wangu atakisoma."

"Mumoja tu? Yaya, si ungemupigia simu umuelezee?"

Nilikuwa namuita yaya, sawa dada yangu mukubwa, juu alinizidi miaka kidogo na masomo mingi. Hakucheka. Alisema simu njo ilimuua mwaka wenye kupita. Alibaki ku Bukavu, akapigia watu wa vijiji, akawauliza kama wako na telefone. Wote wakasema ndiyo. Prof akamurudishia kazi yote, akamuambia: ukiuliza watu kwa simu kama wako na simu, jibu unalijua mbele ya kuuliza. Aende mwenyewe, akae chini na watu, awajazishe karatasi. Na kama mara hii pia karatasi haziko nzuri, mwaka umekufa.

"Na mwaka ukikufa?"

"Mama yangu ameisha kuambia kanisa nzima kama namaliza mwaka huu. Wamama wameisha kuchagua kikwembe cha fete, kile watashona wote juu ya sherehe."

Basi, njo hiyo ilikuwa muzigo yetu. Karatasi ndani ya plastiki, kikwembe cha wamama juu yake, na mimi mbele nashika gido, usukani ya moto.

Mvua ilitukuta hata hatujapita mashamba ya muchele ya mwisho. Munajua ile udongo ikiisha kulowa: moto haiendi mbele, inaenda upande, sawa mulevi mwenye kutafuta mulango. Tulianguka mara ya kwanza pole pole kabisa, kama watu wenye kulala. Esperanse alisimama, akaangalia viatu. Vilikuwa vimekuwa rangi moja na mimi.

Kufika ku mutoni, magogo ya daraja yalikuwa yamekwenda na maji. Wavushaji wawili wa mutumbwi walikuwa wamekaa wanacheza karte. "Maji iko na hasira," wakasema. "Mungoje." Tukangoja ile siku nzima. Iko mama mumoja pale mwenye kupikia wasafiri, alitupa wali na maharagi yenye mawese ya kuogelea. Esperanse aliomba chai pasipo sukari. Mama akamuhurumia. Akafikiri anaomba vile juu ya kujinyima, akamuwekea vijiko vitatu bure, akamupiga kwenye bega: "Kunywa, mutoto yangu, hata sisi tulipita pale." Yaya akakunywa yote.

Karibu na jioni maji ilishuka kidogo, na wavushaji wakaanza kulaza moto yangu ndani ya mutumbwi. Mumoja akanyoosha kidomo kwa ile plastiki ya karatasi. "Huyu mama ni wa shirika gani?"

Ningesema kweli: ni mwanafunzi. Lakini nilikuwa na matope ndani ya masikio, nilikuwa nimekaa kutwa nzima juu ya jiwe, na mutu akichoka anatafuta kitu cha kucheka. Nikasema: "Ni mama wa internet. Anaenda kuandika wale hawana telefone."

"Juu awape?"

"Wewe unafikiri mutu anatoka Bukavu na viatu vyeupe juu ya kusalimia?"

Tukacheka wote watatu. Esperanse alikuwa chini kule anaosha viatu, hakusikia.

Mutoni mpaka upande wa Wamaza

Kijiji tulienda silitaji jina yake, na majina ya watu wake nimegeuza, niliahidi. Iko upande wa Wamaza, inatosha.

Hatukufika mbali. Pine ya nyuma ilitoboka, na pompi yangu, ile Saidi wetu wa parking alinirudishia akasema iko muzima, ilikuwa inapumua kuliko kupompa. Tukasukuma moto kwa miguu. Wauzaji wa mawese wakatupita na kinga zao, zile baiskeli, wamefunga bidon nne nne, wanatokwa jasho, wanatusalimia. Wale wa kukanyaga wanapita moto! Nilitamani kuvua kaske ya kichwa nijifiche ndani. Mumoja alipunguza mwendo: "Huyu njo mama wa telefone?" Sikumujibu, nikafikiri amemufananisha na mutu mwingine. Kumbe pale pale habari ilikuwa inatupita juu ya kinga, na sisi tunaifungulia njia.

Tukalala kwa katekista mumoja. Alitupa bugali na sombe ya majani ya mihogo na chumba cha watoto wake, watoto wakaenda kwa bibi yao wanaimba kwa furaha. Asubuhi katekista akakaa karibu na Esperanse akamuuliza kama internet inaweza kujua mutu iko wapi. Ndugu yake alienda ku machimbo upande wa Lusangi, tangu pale hakuna neno. Yaya alimueleza kama internet haimujui mutu mwenye hakuiingia. Katekista akatingisha kichwa, kisha akamuandikia lile jina kwenye kipande cha karatasi, akamupa vile vile. Yaya akakitia ndani ya mufuko. Angefanya nini?

Tulianguka mara ya pili mbele ya saa sita. Hii sitaki kuieleza. Kulikuwa na mbuzi.

Kijijini, siku ya karatasi

Kufika, nikashangaa. Shefu wa kijiji alikuwa ameisha kupanga viti. Watu walikuwa wameisha kukaa kwenye mustari, wamama upande, wapapa upande, na wote wamevaa nguo za shamba, zile zenye kupasuka. Siku ya soko ya kwao ilikuwa kesho, walikuwa na nguo nzuri nyumbani, lakini hapana, kila mutu amevaa umasikini.

"Tulisikia munakuja," shefu akasema.

"Mulisikia kwa nani?" yaya akauliza. Shefu akaangalia mawingu.

Yaya akatoa karatasi. Swali ya kwanza: uko na telefone?

"Sina."

Wa pili: "Sina." Wa tatu: "Telefone? Mimi? Sina hata sahani." Wa nne alikuwa Mama Riziki, mwanamuke munene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mutoni. Alisema hajapata kushika telefone tangu azaliwe. Ile neno ikiwa bado kinywani, ndani ya kikwembe chake kitu kikaanza kuimba, kinaimba kabisa, na muziki na ngoma.

Watu wote wakaangalia chini.

"Mama, kuna kitu kinalia," Esperanse akasema kwa heshima.

"Ni ya jirani."

"Jirani gani?"

"Alikufa."

Yaya akaandika: hapana. Nilijiuma mukono juu ya kutocheka. Kwa mabati ya nyumba tano nilikuwa naona vile vibao vya jua vya kuchaji telefone, vinang'aa. Lakini Esperanse hakuinua macho. Alikuwa anajaza, anajaza, na karatasi zilivyoisha, uso wake ulikuwa na mwangaza.

"Amisi, unaelewa? Kijiji kizima pasipo telefone hata moja! Hakuna mutu ameandika kitu sawa hiki."

Hakuna, nikasema ndani ya roho, na iko sababu.

Nikapeleka pine kwa fundi. Alikuwa anaweka kibandiko, na mufuko yake ya shati ilikuwa na telefone mbili. Nikamuuliza kwa nini watu wanadanganya. Akaniangalia sawa mutoto. "Wewe njo motard yake, unaniuliza mimi? Wauza mawese walituletea habari jana. Ule mama anaandika wale hawana, juu wapewe. Mwenye atasema iko nayo, atapewa nini?"

Nikakaa chini kwenye udongo. Ile muzaha yangu ya mutoni, ya kucheka tu, ilikuwa imekanyaga kinga mpaka hapa, imekaa kwenye kiti mbele yangu.

Sasa ninyi munanijua. Nilijiambia: Amisi, nyamaza. Yaya iko na furaha, karatasi zimejaa, kesho tunarudi Kasongo, kitanda iko inaningojea. Nani atajua? Nilikula wali wa jioni na hayo mawazo. Lakini kulala hakukuja vizuri. Niliona ule Prof anageuza karatasi moja moja: hapana, hapana, hapana, kijiji kizima. Mutu mwenye alikataa ndiyo zote, atakubali hapana zote? Na wamama wa kanisa wameisha kushona.

Asubuhi nikamuambia. Alikuwa anasugua meno. Nilisema yote: wavushaji, muzaha, viatu vyeupe, kinga za mawese, fundi. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alitema maji, akaingia ndani, akatoka na zile karatasi, akakaa kwenye jiwe, akaandika juu ya kila moja, kwa kalamu nyekundu: haifai. Moja kwa moja, mpaka ya mwisho.

"Yaya..."

"Amisi, nyamaza."

Kijijini, siku zenye kufuata

Tukamuomba shefu aite watu. Esperanse akasimama akasema wazi: hakuna telefone zinakuja, yeye ni mwanafunzi, hana kitu cha kugawa. Watu wakasikiliza vizuri, wakatingisha vichwa. Kisha muzee Kalonda, muzee wa kofia nyekundu, akasema: "Mama, tunaelewa. Hata wale wa kugawa mashuka walisema hakuna kitu. Kisha mashuka ikakuja. Hata wale wa majembe walisema vile vile." Na watu wote: "Ndiyo, walisema vile vile!"

Nikaruka mbele. "Wazee, ni mimi nilidanganya! Ni mimi, pale mutoni! Nilikuwa nacheka!"

Mama Riziki akanikazia macho. "Wamekupa ngapi useme hivyo? Telefone ni kidogo, hazitatufikia wote, sivyo?"

Muone basi. Katika hii inchi yetu, mutu mwenye karatasi na kalamu ni mutu wa liste ya wale watapewa. Akisema analeta, watu wanangoja. Akisema haleti, watu wanangoja zaidi. Siku ile nilisema ukweli kuliko maisha yangu yote, na hakuna mutu aliununua.

Esperanse alikaa kwenye kibaraza, mikono kwenye mashavu. Njo pale Mama Zuhura akapita anachechemea. Jembe lilikuwa limemukata muguu juzi. Alikuwa na kitunga kitupu. Akatuangalia, akacheka kwa pua.

"Mumoja analia, mwingine anafanana mbuzi yenye kunyeshewa. Ninyi wenye mikono nne, mujue, leo ni siku ya soko, na mimi siwezi kupanda mulima."

"Mulima gani?" yaya akauliza.

Hivi njo tulijua. Pale kijijini rezo ya telefone haifiki; ile ya Mama Riziki iliimba saa yake ya kuamsha tu. Inashika juu ya mulima tu, mwendo wa saa mbili kwa muguu. Basi kila siku ya soko Mama Zuhura anapita nyumba kwa nyumba, anapokea telefone, anazipanga ndani ya kitunga na kikwembe juu, anazipandisha. Kule juu anazifungua. Sauti zenye watu walirekodi zinatoka, sauti za wandugu zinaingia. Anashuka nazo, anarudishia kila mutu. Hasomi, hajui herufi. Kila telefone iko na uzi: huu mwekundu wa fulani, huu wa kijani wenye fundo mbili wa fulani. Hajapotezea mutu hata moja.

Esperanse alisimama. Mukono ulienda kwenye kalamu. Mama Zuhura akaona.

"Kubeba, utabeba. Kuandika, hapana. Ukitaka kuandika, wa kwanza uniulize mimi, kisha wenye telefone, mumoja mumoja, mulango kwa mulango. Na kalamu ibaki hapa."

Yaya akaweka kalamu kwenye kibaraza.

Mulimani

Watu walimupa Mama Zuhura telefone zao kwa mulango wa nyuma, juu yaya asione. Yaya alikuwa amekaa kwa mulango wa mbele, anageuza uso kwa adabu. Kisha kitunga kikawekwa kwenye kichwa chake. Telefone za watu hawana telefone, na zilikuwa nzito!

Mama Zuhura alipanda na fimbo, pole pole. Mimi nilibeba maji na sauti ya kuugua. Jua ilikuwa imetoka, na majani yenye kulowa yalikuwa yanatoa mvuke sawa sufuria. Juu kabisa iko jiwe pana. Mama akapanga telefone kwenye jiwe, akazifungua zote, akakaa. Hakuna kitu. Upepo tu. Kisha moja ikatetemeka. Kisha tatu. Kisha zote kwa mara moja, zinaruka kwenye jiwe sawa panzi, na Esperanse akafunika kinywa kwa mikono mbili.

Moja ikalia. Uzi wa njano. Mama Zuhura akaishika: "Hayuko. Tuma sauti." Tukasikia kule ndani mutu analia, anasema maneno mbio mbio. Mama akarudia kwa upole: "Tuma sauti, mutoto yangu. Sauti itafika." Akakata.

"Hukumusikiliza?" nikauliza.

"Nilisikia analia. Inatosha. Mimi sibebi kifo kinywani. Nikishuka na kifo kinywani leo, nikishuka na kuzaliwa kesho, watu wataanza kusoma uso wangu kutoka mbali. Wataogopa kitunga. Telefone njo inasema, ndani ya nyumba ya mwenyewe. Mimi ni miguu tu."

Tukashuka. Yaya alikuwa mbele na kitunga, anachagua pa kuweka muguu.

Kilio

Mama Zuhura alisema muguu umemushinda, Esperanse amalizie kugawa. Mimi nafikiri muguu ulikuwa na akili yake. Basi yaya akapita mulango kwa mulango, anarudishia telefone kwa wale walimuambia "sina". Mumoja alipokea bila kumuangalia. Fundi akasema asante sana sawa mutu amepewa kwa mara ya kwanza.

Uzi wa njano ulikuwa wa Mama Riziki.

"Ehe," nikasema pale mulangoni, "ule jirani wako amefufuka?"

Na Mama Riziki akacheka! Akacheka mpaka akashika mulango, akamupiga yaya kwenye mukono. "Mutoto yangu, utusamehe. Ulikaa vizuri sana na kalamu yako, sisi tukaona telefone." Kisha akaweka ile sauti kwenye sikio.

Sisi wawili tulijua kama mutu alilia ndani ya ile telefone. Tulibaki pale, hatuna pa kuweka macho. Kicheko kilitoka kwenye uso wake pole pole. Shangazi wake wa Nyangwe, ule alimulea, alikuwa amekufa. Na mimi, mwenye nilitoka kumufanyia muzaha ya wafu. Sitaki hata mutu mumoja wa parking acheke hapa.

Kilio ilikuwa siku mbili. Esperanse hakuuliza mutu kitu. Alichota maji, alimenya mihogo pamoja na wanamuke, alilala kwenye mukeka pamoja nao. Mimi nilipasua kuni mpaka mikono ikafanya malengelenge. Siku mbili pasipo kusema upuzi, munaweza kuelewa maumivu. Zile siku zilikuwa zinakula wakati wa yaya. Alipaswa kuwa ameisha kurudi. Nilimuambia pembeni. Akasema: "Nitawatokea katikati na karatasi?"

Siku ya tatu asubuhi Mama Riziki akakuja mwenyewe kwenye kibaraza, akakaa, akanyoosha miguu. "Leta kalamu yako."

Akamuelezea. Namna anarekodi sauti asubuhi ya soko akijua itasikiwa jioni ao juma lenye kuja. Namna anaongea mbio juu inite zenye analipia zisiishe. Namna alijua kifo cha shangazi siku nne nyuma ya mazishi, na hakumukasirikia mutu. Nyuma yake wakakuja wengine, si wote. Kila mumoja aliweka sharti: usiandike jina, usiandike mulima. Muzee Kalonda alikuja pia, akakaa, akavua kofia.

"Mimi nilisema sina," akasema. "Nitabaki sina."

"Sawa, muzee," yaya akajibu. Akaweka kalamu chini mpaka muzee akamaliza kunywa chai.

Kabambare

Tulienda Kabambare juu kule rezo inashika, atume kazi kwa Prof. Njia ilikuwa kavu, hatukuanguka, na sikufurahi. Esperanse aliandika kutwa nzima ndani ya kantine moja, mimi nikala simbiliki, panya mukubwa wa pori, yenye mifupa kuliko nyama. Alituma. Tukangoja. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili rezo ilipotea. Siku ya tatu, asubuhi, sauti ya Prof ikaingia. Yaya akaiweka kwa sauti ya nguvu, nikasikia nami.

Prof alisema hii ni kazi ya kweli, ya kwanza ya kweli tangu aanze. Alisema aandike hata namna kijiji kilimudanganya, na sababu. Lakini watu ni wachache, na siku ni kidogo. Arudi, akae mwezi moja ao mbili. Mwaka huu hatatetea kitabu chake. Mwaka wenye kuja.

Esperanse aliisikiliza mara mbili. Kisha akasimama kando ya moto, akapigia mama yake. Alisema pole pole, sikusikia yote. Nilisikia "mwaka wenye kuja, mama." Kisha akaanza kukwaruza matope makavu ya tanki kwa kucha.

Sijui nini ilinisukuma. Nikanyoosha mukono, yaya akanipa telefone.

"Mama, shikamoo. Ni mimi motard. Kosa ni yangu. Mimi nilisema upuzi njiani, ikaharibu kazi yake."

"Wewe njo unamubeba?"

"Ndiyo, mama."

"Alianguka?"

Nilikuwa na uongo muzuri tayari kwenye ulimi. "Mara mbili, mama. Kwenye matope. Mara ya pili pamoja na mbuzi."

Nikasikia anapumua. Sijui kama ilikuwa kucheka. "Anakula?"

"Anakula, mama. Amekonda kidogo."

"Umurudishie telefone." Nikamurudishia. Yaya akasikiliza, akafuta macho na kitambaa cha kichwa, akasema "ndiyo, mama," mara tatu. Kisha akaweka telefone ndani ya mufuko.

"Amesema nini?"

"Amesema Jumapili atasimama kanisani awaambie mwenyewe. Nisimutumie mutu ujumbe."

Kurudi

Tulipita tena kijijini. Yaya alishuka mbele ya nyumba ya Mama Zuhura, mwenye alikuwa anaanika mihogo. Muguu wake bado ulikuwa umevimba.

"Umesahau kitu?"

"Hapana, mama. Nakuja kuomba pa kulala. Mwezi wenye kuja, nitakaa."

"Utabeba kitunga?"

"Nitabeba."

Mama Zuhura akafuta mikono kwenye kikwembe. Akanyoosha mukono, Esperanse hakuelewa, kisha akaelewa, akamupa telefone yake. Mama akavuta uzi mweusi kwenye upindo, akaufunga, fundo tatu, akakaza kwa meno.

"Nyeusi hakuna mutu iko nayo," akasema. Kisha akaniangalia mimi, mwenye nilikuwa nimelala juu ya tanki ya moto sawa nguo yenye kuanikwa. "Na wewe, motard? Nikufungie uzi?"

"Mama, mimi ni wa Kasongo. Kwetu rezo inafika mpaka kitandani."

"Basi enda ulale," akasema.